Homoni iliyotafutwa kichwani ikakutwa tumboni

Mwaka 2005 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa na watu saba tu. Wote walikuwa wanaume, wembamba, wenye afya njema. Kila mmoja aliwekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, na kwa saa nne na nusu dawa ikawa inamwingia kidogo kidogo. Siku moja mpira ulipitisha peptidi iitwayo GHRP-2, siku nyingine ulipitisha maji ya chumvi. Baadaye wakaandaliwa chakula, kila mtu ale atakavyo. Siku ya peptidi walikula zaidi kwa karibu asilimia 36 kuliko siku ya maji ya chumvi, na ongezeko hilo lilionekana kwa wote saba.

GHRP-2 haikubuniwa ili kumtia mtu njaa. Ilibuniwa kuichochea tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni ya ukuaji. Mmoja wa walioandika ripoti ile, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans, alikuwa amezihangaikia peptidi za jamii hiyo tangu miaka ya 1970, akitafuta njia ya kuifanya tezi hiyo ifungue ghala lake. Alipozipata, zilikuja na jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliagiza: mtu aliyedungwa alitaka kula.

Homoni yenyewe hutoka kwenye pituitari, tezi yenye uzito wa karibu nusu gramu, iliyojificha nyuma ya mzizi wa pua. Haitiririki mchana kutwa. Hutoka kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote hutoka usiku, usingizi unapokolea. Ikishaingia kwenye damu huliamsha ini litengeneze homoni nyingine, IGF-1, na hizo mbili kwa pamoja hurefusha mifupa ya mtoto, hujenga misuli na huyeyusha mafuta. Mtoto asiyekuwa nayo ya kutosha hudumaa. Mtu mzima anayetoa kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi, hupanuka mikono, miguu na taya, na moyo wake hutaabika.

Zamani tiba ya watoto waliokosa homoni hii ilikuwa na namna yake ya kutisha. Madaktari waliikamua kutoka kwenye tezi za watu waliokufa. Mwaka 1985 ikabainika kwamba baadhi ya dawa hizo zilibeba ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoula ubongo na usio na tiba. Nchini Ufaransa peke yake zaidi ya vijana 100 walikufa kwa sababu ya sindano walizodungwa wakiwa watoto. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha homoni iliyotengenezwa na bakteria maabara, na enzi ya maiti ikaanza kufungwa. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa: kwa nini mgonjwa mwenye tezi nzima adungwe homoni ya nje, wakati huenda tezi yake inahitaji kuamshwa tu?

Bowers alianza na kitu kisicho na uhusiano wowote na kimo. Alichukua enkefalini, peptidi ya ubongo inayotuliza maumivu, akaibadilisha sehemu kadhaa. Mwaka 1977 aina mojawapo iliwekwa kwenye seli za pituitari ndani ya kichupa cha maabara, na seli zikatoa homoni ya ukuaji, ingawa uwezo wa kutuliza maumivu ulikuwa umepotea. Haikuwa na nguvu kubwa. Akishirikiana na Frank Momany, aliyekokotoa kwa kompyuta namna molekuli hizo zinavyojikunja, aliendelea kubadilisha kiungo kimoja baada ya kingine. Mwaka 1984 wakatangaza GHRP-6.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vilevile vinavyounda protini ya samaki na ya maharage. GHRP-6 ina sita tu. Mbili kati ya hizo zimegeuzwa umbo: zinafanana na zile za asili kama mkono wa kushoto unavyofanana na wa kulia, na vimeng'enya vya mwili, vilivyozoea upande mmoja, hupata taabu kuzikata. Ndiyo maana peptidi ndogo kiasi hicho hudumu ndani ya damu muda wa kutosha kufika kwenye tezi. Mwaka 1990 kundi la Bowers lilionyesha kwamba kwa wanaume wenye afya, mikrogramu moja tu kwa kila kilo ya uzito inatosha kuipandisha homoni, na kwamba ikitolewa pamoja na GHRH, mjumbe wa ubongo anayejulikana kwa kazi hiyo, matokeo hupita jumla ya zote mbili.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. GHRH ilikuwa imeshagunduliwa mwaka 1982, tena kutoka kwenye uvimbe wa kongosho wa wagonjwa waliokuwa wakipanuka viungo. Ikiwa peptidi za Bowers zingekuwa zinaiga GHRH tu, kuziunganisha kusingekuwa na faida ya namna ile. Basi zilikuwa zinapita mlango mwingine. Mlango huo ulipatikana mwaka 1996, watafiti wa kampuni ya Merck nchini Marekani walipokitambua kipokezi chake kwenye pituitari na kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Sasa kulikuwa na kipokezi cha asili kinachoitikia vitu vya kutengenezwa na binadamu. Mwili hauwezi kuwa ulikijenga kwa ajili ya maabara ya New Orleans. Lazima ilikuwepo homoni yake, mahali fulani.

Walioipata ni Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa taasisi ya taifa ya magonjwa ya moyo, karibu na Osaka, Japani. Njia yao ilihitaji subira kuliko ujanja. Walichukua seli zinazostawi maabara, wakazipandikiza kipokezi kile, kisha wakazimiminia dondoo za viungo vya panya, kiungo baada ya kiungo, wakipima kama kalsiamu ndani ya seli inaruka. Kila aliyefuatilia suala hili alitarajia jibu litoke kwenye ubongo, kwa kuwa huko ndiko wajumbe wa pituitari hutoka. Dondoo la ubongo halikutoa kitu cha maana. Seli ziliruka zilipomiminiwa dondoo la tumbo la chakula.

Kazi haikuishia hapo. Walisoma mpangilio wa asidi amino 28 za homoni hiyo, lakini mpangilio pekee haukueleza uwezo wake. Ilipochunguzwa zaidi, ilionekana kwamba asidi amino ya tatu imebeba kitu cha ziada: asidi ya mafuta yenye kaboni nane, ya aina ileile inayopatikana kwenye mafuta ya nazi. Bila mkia huo wa mafuta, homoni haiwezi kukiamsha kipokezi chake. Hakuna aliyekuwa ameona homoni ya peptidi iliyopambwa hivyo. Waliiita ghrelini, na jarida la Nature likachapisha habari zake Desemba 1999. Kimeng'enya kinachoibandika asidi hiyo kilitambuliwa mwaka 2008 na makundi mawili ya Marekani.

Katika hadithi yote hii, hapa ndipo panapostahili kukaliwa. Miaka zaidi ya ishirini ya utafiti ilikuwa imeelekezwa kwenye kimo, mifupa na misuli. Kumbe mlango uliokuwa ukigongwa ulikuwa wa tumbo tupu kuzungumza na ubongo. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya wanaodungwa ghrelini hunenepa. Mwaka 2001 kundi la London liliwadunga watu tisa wenye afya kisha likawaachia meza ya vyakula wajichagulie. Walikula zaidi kwa asilimia 28. Watafiti wa Seattle walipima damu za watu mchana na usiku, wakakuta ghrelini inapanda kabla ya kila mlo na kushuka mara tu baada ya kula. Mwaka 2002 wakaongeza jambo linalomhusu kila aliyewahi kujinyima: watu wanene waliopunguza asilimia 17 ya uzito wao kwa mlo, ghrelini yao ya siku nzima ilipanda kwa asilimia 24. Mwili ulikuwa unadai uzito wake urudishwe. Asiyeweza kuushikilia uzito mpya anapambana na kemia hiyo, na haifai kumlaumu kwa ulegevu wa moyo.

Uhusiano kati ya njaa na homoni ya ukuaji nao una mantiki yake. Mtu akikosa chakula, homoni ya ukuaji huusaidia mwili kutumia mafuta na kulinda sukari ya damu isishuke mno. Tumbo likituma ujumbe mmoja unaosema tafuta chakula na wakati huohuo tumia akiba kwa uangalifu, linafanya kazi ya maana.

Dawa zilizozaliwa na ugunduzi huu ni chache, na kazi zake ni nyembamba kuliko matangazo yanavyodai. Japani inaitumia GHRP-2 yenyewe kupimia: mgonjwa anadungwa, damu inachukuliwa, daktari anaangalia kama tezi imeitikia. Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha macimorelini, ambayo hunywewa. Mgonjwa hukaa na njaa kwa saa nane, kisha hukorogewa unga kwenye maji kulingana na uzito wake, na damu yake huchukuliwa baada ya dakika 30, 45, 60 na 90. Ikiwa katika vipimo hivyo vinne homoni haikufika nanogramu 2.8 kwa mililita, tezi imeshindwa. Kabla ya hapo kipimo kilichoaminika zaidi kilikuwa kumshusha mgonjwa sukari kwa insulini hadi aanze kutoka jasho na kutetemeka, daktari akiwa pembeni yake.

Dawa iliyotazamiwa zaidi ilikuwa ya Merck, MK-677, ambayo pia huitwa ibutamoreni. Si peptidi, ni molekuli ndogo inayomezwa, lakini inagonga kipokezi kilekile. Matumaini yalikuwa kwamba kidonge kimoja kwa siku kitawarudishia wazee homoni za ujana na, pamoja nazo, nguvu. Wazo hilo lilipimwa vizuri. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watu wazima 65 wenye afya, wa miaka 60 hadi 81. Homoni zilipanda kama zilivyoahidiwa. Waliomeza dawa kwa mwaka mmoja waliongeza kilo 1.1 za mwili usio mafuta, na waliomeza kidonge kisicho na dawa walipoteza nusu kilo. Lakini nguvu haikuongezeka, na uwezo wa kufanya kazi za kila siku haukubadilika. Kilichoongezeka ni sukari ya damu, na insulini ikapungua makali yake. Jaribio jingine, la wazee waliovunjika nyonga, lilisimamishwa kabla ya wakati: kati ya washiriki 123, waliopatwa na moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa wanne upande wa dawa na mmoja upande wa pili.

Takwimu hizo zilikuwa mikononi mwa kila mtu kabla biashara ya jimu haijashamiri. Bado MK-677 na peptidi za ukoo wake zinauzwa kama siri ya misuli. Anayeagiza peptidi hupokea kichupa cha kioo kidogo kuliko kidole gumba, chenye mfuniko wa mpira na mduara wa unga mweupe uliogandia chini. Unaweza kukigeuza kichupa na unga usitikisike. Juu yake pameandikwa kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Mnunuzi huchanganya na maji ya sindano, hupima kwa bomba dogo la insulini na kujidunga tumboni. Anayetumia GHRP-6 huanza kusikia njaa ndani ya dakika chache, na hiyo ndiyo dalili anayoichukulia kuwa uthibitisho kwamba dawa ni halisi. Usafi wa unga, kipimo chake halisi, na kama ndani ya kichupa kuna kilichoandikwa nje, havijulikani na yeyote aliye upande wa mnunuzi. Septemba 2023 FDA iliziweka GHRP-2, GHRP-6, ipamorelini na ibutamoreni kwenye orodha ya vitu ambavyo maduka ya kuchanganya dawa yakivitumia kunaweza kutokea madhara makubwa.

Klabu moja ya Australia ililipia gharama ya vichupa hivyo hadharani. Cronulla Sharks, timu ya raga ya kusini mwa Sydney, ilikuwa na programu ya sindano msimu wa 2011, na uchunguzi wa miaka miwili baadaye ulitaja GHRP-6 pamoja na peptidi nyingine, CJC-1295. Desemba 2013 ligi iliitoza klabu faini ya dola milioni moja na kumsimamisha kocha, Shane Flanagan, kwa mwaka mzima. Agosti 2014 wachezaji wa kikosi kile walikubali kufungiwa miezi 12, adhabu iliyohesabiwa kuanzia Novemba ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa ilikubalika kwamba kosa lao halikuwa kubwa: walikuwa wamewaamini waliowadunga. Huo ndio upande unaouma. Kijana mwenye mkataba, akiambiwa na wakubwa wake kwamba anyooshe mkono, hana pa kuuliza.

WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, limezipiga marufuku zote kwa kuzitaja majina: GHRP kuanzia 1 hadi 6, heksarelini, ipamorelini, ibutamoreni, macimorelini, hata ghrelini yenyewe ikitolewa kama dawa. Marufuku hiyo inamfikia mkimbiaji wa Iten na bondia wa Dar es Salaam sawasawa na mchezaji wa Sydney. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016, baada ya mashaka mengi juu ya wanariadha wake. Na kanuni ni kali: mwanamichezo anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Mwaka 2010 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilikuta GHRP-2 ndani ya vidonge vilivyouzwa kama virutubisho. Mkimbiaji anayepewa kopo na rafiki aliyetoka safari anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kulifungua.

Kwa wengi wa ukanda huu, hata hivyo, hamu ya kula inanunuliwa kwa njia nyingine. Dawa za kunenepa zinazouzwa madukani na mitandaoni, kuanzia miji ya pwani hadi Kongo, mara nyingi huwa ni siproheptadini, iliyotengenezwa kwa ajili ya mzio, au deksamethasoni, steroidi kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba jijini Kinshasa matumizi ya siproheptadini kwa ajili ya mwili yameenea mno. Hazina undugu na peptidi za Bowers, ila zinamvuta mteja kwa ahadi ileile. Anayemeza deksamethasoni ili mashavu yajae anavimba kwa maji, anapandisha sukari na presha, na tezi zake za juu ya figo hulala. Siku akiiacha ghafla, anaweza kuanguka.

Mwenye haki ya kwanza juu ya sayansi hii ni yule ambaye njaa imemkimbia. Madaktari wa wanyama waliliona hilo mapema. Mei 2016 Marekani iliidhinisha capromorelini, dawa ya maji ya kumnywesha mbwa mgonjwa aliyeacha kula, na mwaka 2020 ikaja ya paka wenye ugonjwa wa figo wanaokonda. Hapo hakuna anayepima msuli. Mwenye mnyama anaangalia bakuli.

Kwa binadamu mfano wake ni anamorelini, kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku, kilichojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wanaonyauka. Kunyauka huko si kukosa chakula pekee: ugonjwa huula msuli hata mgonjwa anapolishwa, na humfanya achukie sahani aliyoipenda maisha yake yote. Yeyote aliyemuuguza mtu wa saratani anaujua uji uliopoa pembeni ya kitanda na mgonjwa aliyeugeukia ukuta. Majaribio mawili makubwa yenye wagonjwa 979, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya wiki 12 waliotumia dawa walikuwa wameongeza mwili usio mafuta, kilo moja au pungufu kidogo, wakati wenzao walipungua. Uzito ulipanda na dalili za kukosa hamu ya kula zikapungua. Nguvu ya kiganja, iliyopimwa kwa kifaa cha kubana, haikutofautiana.

Ulaya ilikataa kuiidhinisha mwaka 2017. Wakaguzi walisema ongezeko la mwili ni dogo mno, kiganja hakikupata nguvu, na faida kwa maisha ya mgonjwa haikuthibitishwa. Pia hawakuridhishwa na namna kumbukumbu za usalama zilivyotunzwa kwenye baadhi ya vituo. Japani, ikiwa na majaribio yake pia, iliiidhinisha Januari 2021 kwa saratani nne: ya mapafu, ya tumbo, ya kongosho na ya utumbo mpana.

Pande zote mbili zina hoja, na hoja ya Ulaya kuhusu nguvu ni ileile iliyojitokeza kwa wazee wa MK-677: kilo zilizoongezeka hazikuleta nguvu. Ila kipimo hicho kinamfaa zaidi anayetafuta misuli kuliko anayetafuta mlo. Kwa mgonjwa ambaye wiki zake zinahesabika, kukaa mezani na wanawe na kumaliza sahani ni jambo linalostahili kupimwa lenyewe, kwa umakini uleule uliotolewa kwa kiganja. Watafiti wa New York walifanya hivyo kwa wanaume saba wasioumwa: walihesabu kilicholiwa.